*TAMKO LA TAWI: MKOPO HUJENGA, BAJETI HUENDESHA*

Ndugu wanachama,

Septemba 2021 IMF iliidhinisha mkopo wa dola milioni 567 kwa Tanzania, zile fedha za UVIKO tunazozijua, shilingi trilioni 1.3. Zilijenga madarasa, zikanunua vifaa vya hospitali. Tunashukuru. Lakini mkopo wa mara moja haulipi mshahara wa muuguzi, wala umeme wa mtambo wa oksijeni kila mwezi.

Mwaka 2001, Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo bado tunaidai. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tulikumbushwa: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Msimamo wetu: uendeshaji wa zahanati utoke kwenye kodi zetu, kila mwaka.

Tunaomba kila mwanachama:
1. Ahudhurie mkutano wa mtaa na kudai taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati.
2. Amuulize diwani, kabla bajeti haijapitishwa, mapato ya ndani ya halmashauri yametenga kiasi gani kwa dawa na matengenezo.

Janga likirudi halitasubiri mkopo mwingine.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.