Kuosha Gari Bila Kusuuza
Kabla ya kung'arisha rangi ya gari ili kuondoa mikwaruzo, vumbi sharti liondolewe. Mchanga una kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Utando wa juu wa rangi ni laini zaidi, na unene wake ni milimita 0.05 hivi. Dawa ya kuoshea bila kusuuza huzingira chembe na kukitelezesha kitambaa. Kwa vumbi jepesi yatosha, na akiba ya maji si haba. Lakini wanaoisifu hata kwa matope wamepotoka: tope halina budi kutanguliziwa maji mengi. Isitoshe, baadhi ya dawa hizo huacha utando unaoficha mikwaruzo ile ile inayotafutwa. Heri rangi ipanguswe kwanza kwa alkoholi iliyozimuliwa.