Kabla ya kutuma hela ya RAM Kariakoo

KOMPYUTA ya mezani inawashwa magharibi. Mtoto wa kidato cha tatu anakwenda kuoga, anakula, anarudi, na kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Akifungua mitihani ya miaka iliyopita, inaganda. Mama anampigia fundi simu, fundi anajibu kwa kifupi: "Ongeza RAM, mama."

Hapo ndipo hela huanza kupotea, kwa sababu RAM si sukari, kwamba ya duka lolote ni ileile. Kwa familia ya Kilwa Masoko kosa ni ghali zaidi. Kipande kinasafiri na basi kutoka Dar es Salaam, takriban kilomita 300, na kisipoingia kinarudi njia hiyohiyo, tena kwa muuzaji anayeweza kukikataa.

RAM ni kama mafiga jikoni: vyungu vikizidi mafiga, vingine vinasubiri. Lakini si kila kuchelewa ni uchache wa mafiga. Mtoto akiwa anaitumia Windows, mzazi abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Palipoandikwa "Memory" pakikaa juu ya asilimia 90, kweli RAM haitoshi. Pakiwa asilimia 50 huku "Disk" imeganda kwenye 100, RAM mpya ni hasara tupu. Hela hiyo inunue SSD ya kuchukua nafasi ya hadi diski kuukuu. Mafundi wengi hawalisemi hili.

Windows nayo itazamwe. Ikiwa ni ya biti 32, hata zikiwekwa GB 8 haitatumia zaidi ya GB 4. Itabidi kwanza iwekwe ya biti 64, kama prosesa inaikubali.

Kisha aina. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288. DDR2 nayo ina 240, ila pengo lake la chini limekaa pengine, na anayelazimisha huvunja. Dawa ni picha. Kompyuta izimwe, waya uchomolewe ukutani, kasha lifunguliwe, mtu aguse chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo achomoe kipande na kupiga picha lebo yake. Ikiandikwa PC3 ni DDR3. PC4 ni DDR4. Picha hiyo, pamoja na ya jina na modeli ya mashine, iende kwa muuzaji kwa WhatsApp kabla ya hela. Aulizwe pia kama atabadilisha kisipokubali, na ajibu kwa maandishi.

Cha bei ya kutupa kichunguzwe mara mbili. Huenda ni RAM ya seva, ambayo lebo yake huwa na R baada ya namba, kama 12800R. Kompyuta ya kawaida ya nyumbani haiwaki nayo. Ya laptop ni fupi, haishiki kabisa.

Kwa kazi za shule, GB 8 zinatosha. Penye kipande kimoja cha GB 4 na nafasi moja wazi, kiongezwe kingine cha GB 4 cha aina na kasi hiyohiyo. GB 16 kwenye mashine ya umri huo ni fahari tu.

Na watu wa pwani, kuanzia Kivinje hadi Lindi mjini, wana jambo moja la kujaribu kwanza. Upepo wa chumvi hula na kuchafua pini, mashine ikapiga milio bila picha, au ikasoma nusu ya RAM iliyomo. Kipande kichomolewe, pini zisuguliwe taratibu kwa ufutio wa penseli, vumbi lake lipanguswe, kirudishwe mpaka vishikizio vya pembeni vibane. Iliyokuwa ikisoma GB 2 ikisoma GB 4, wiki hii hakuna cha kuagiza.