Ua la Brahma limetiwa sokoni

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, mjukuu wa jirani yangu Mhindi alinigongea mlango. "Mzee, bibi anasema uje upesi, ua linafunguka!" Nikavaa makubadhi nikamfuata. Barazani kwao nilikuta debe la samli lililopandwa mmea wa majani manene yanayoning'inia, na ukingoni mwa jani moja ua jeupe, kubwa kupita kiganja, harufu yake imeenea nyumba nzima. Bibi alikuwa amewasha taa mbele yake.

"Hili ni Brahma Kamal," akaniambia. "Huchanua usiku mmoja tu. Alfajiri limekwisha."

Sikutaka kumwondolea furaha yake, kwa hivyo sikumwambia haya ninayowaambia nyinyi wasomaji. Mmea ule ni wa jamii ya mpungate, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wahindu wengi mijini huupanda na kuuita Brahma Kamal, lakini ua hasa la jina hilo halioti katika debe la mtu yeyote.

Brahma Kamal la asili huota katika milima ya Himalaya, baina ya mita 3,700 na 4,600 hivi juu ya bahari, mahali ambapo miti imekwisha kukoma na yamebaki mawe, nyasi na ukungu. Jina lake lina maana ya yungiyungi la Brahma, kwa kuwa Wahindu husimulia kwamba Brahma, muumbaji katika dini yao, alitokea ndani ya yungiyungi. Hata hivyo mmea huu si yungiyungi. Ni ndugu wa alizeti. Unachokiona kwanza si ua bali majani mepesi kama karatasi, ya kijani kilichopauka, yaliyojikunja kama shela. Ndani ya shela hiyo vimejificha vichwa vidogo vya zambarau, vimekingwa na baridi na mvua ya mlimani.

Ua hili hutolewa katika mahekalu ya Kedarnath na Badrinath, na wenyeji wa Garhwal na Kumaon humpelekea Nanda Devi, mungu wao wa kike wa mlimani. Makalasinga wanaozuru Hemkund nao hulikuta kando ya ziwa lao takatifu. Jimbo la Uttarakhand, lililoundwa mwaka 2000, limelifanya ua lake rasmi. Kwa heshima, basi, halikupungukiwa.

Lakini heshima ya namna gani? Hapo ndipo nina neno langu.

Mila ya wanavijiji wa huko ilikuwa kutolichuma kabla ya sikukuu ya Nandashtami, ambayo huangukia Agosti au Septemba. Waliotumwa kulileta walifunga, wakapanda mlima miguu mitupu. Mtu wa mjini anaweza kuyacheka hayo. Mimi naona kulikuwa na hekima kubwa ndani yake. Ua huanza kuchanua Julai; ukilingoja hadi sikukuu, mimea mingi imekwisha kupata nafasi ya kukomaza mbegu. Na mtu aliyefunga, asiye na viatu, atashuka na maua mangapi? Machache tu.

Leo mambo ni mengine. Mwaka 2023 watu zaidi ya milioni moja na nusu walifika Kedarnath peke yake, na wengi wao hutaka kutoa ua hilo hekaluni. Penye mnunuzi hapakosi mchumaji. Maua hushushwa kwa magunia, msimu wake umefika au haujafika. Simlaumu sana yule maskini anayepanda mlima kutafuta riziki. Namlaumu mnunuzi, anayedhani ibada yake imetimia kwa kuwa ameilipia, naye hakupanda, hakufunga, wala hakungoja.

Najua yuko msomaji atakayesema: sisi Waislamu ya Wahindu yanatuhusu nini? Ibada yao ni yao, sikatai. Lakini katazo la kugusa mmea si jambo geni kwetu. Katika Haram ya Makka miti na nyasi havikatwi, ila idhkhiri, ambayo Sayyidna Abbas aliiombea ruhusa kwa kuwa watu waliihitaji katika nyumba na makaburi yao. Ruhusa ile ilikuwa na mpaka, na sababu yake ikajulikana. Mpaka wa namna hiyo ndio uliovunjwa kule Himalaya, na waliouvunja ni hao hao wanaosema wanalitukuza ua.

Kwa hivyo wajuzi wa mimea wanaowacheka akina bibi na mpungate wao, mimi siungani nao. Ua la debeni likinyauka alfajiri, mmea hubaki, na mwakani hutoa mengine. Mlima haukupungukiwa na kitu. Laiti mahujaji wa Kedarnath wangeridhika na ua la nyumbani, lile la juu likaachiwa wenyeji na sikukuu yao.

Kabla sijaondoka usiku ule, bibi alinikatia kipande cha jani, akanifundisha namna ya kukipanda. Kimeshika vizuri. Siku kitakapochanua nitamwita aje aone kwangu, nami nitaliita kwa jina lile lile analoliita yeye.