Maji Moto Nyumbani: Mshale wa Presha Unapopanda na Kushuka

Wenye nyumba wengi katika miji yetu siku hizi hawachemshi tena maji ya kuoga sufuriani. Darini, au juu ya paa, pana tangi la maji moto, liwe ni la umeme, la kuni au la jua. Na kwenye bomba lake mara nyingi hutiwa kipimo cha duara chenye mshale uonyeshao nguvu ya maji, yaani ile mafundi waiitayo presha. Mshale ukipanda, mwenye nyumba huingiwa na hofu. Ukishuka, humwita fundi. Na fundi asiye mwaminifu hupata mlo wake papo hapo. Yafaa basi tujue mshale huo husema nini.

Jambo la kwanza ni kwamba maji yakipata moto hupanuka. Chukua tangi la lita 150 lililojaa maji ya digrii 20 za Selsiasi. Yakifika digrii 60 yatakuwa yameongezeka lita 2 na zaidi kidogo. Yakifika 80, lita 4 hivi. Si mengi, lakini maji hayabanwi kama hewa, wala chuma cha tangi hakivutiki kama mpira. Lita hizo lazima zipate pahali pa kwenda.

Katika nyumba za zamani pahali hapo palikuwapo bila mtu kufikiri. Maji baridi yalishuka kutoka tangi la juu ya paa, na yalipopanuka yalirudi huko huko kwa njia yaliyojia. Tena juu ya tangi la moto palisimamishwa bomba la pumzi, lililo wazi mdomo, ili hewa na mvuke vitoke. Hata lile pipa la mafuta lililolazwa juu ya moto wa kuni uani, ambalo wakulima wa kizungu waliliita boila la Tanganyika, halikuwa na hatari kubwa maadamu bomba lake lilikuwa wazi.

Ubaya wa mpango huo ni unyonge wa maji. Maji yasimamayo meta 10 juu ya mfereji hutoa presha ya bar 1 tu. Tangi lililo meta 3 juu ya manyunyu ya bafuni hutoa kama bar 0.3, na mwenye kuoga husimama akingoja matone. Basi hununua pampu. Pampu ikiingia, maji hutaka kufurika kwa bomba la pumzi, na fundi huliziba. Kisha hutia valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Njia zote mbili zimefungwa siku moja, na mwenye nyumba hafahamu. Yeye afurahia tu kwamba manyunyu yana nguvu.

Si kosa kutumia pampu. Kosa ni kuzifunga njia hizo pasipo kuweka badala yake vitu viwili: tangi dogo la kupokea maji yaliyopanuka, lenye mpira na hewa ndani, na valvu ya usalama. Tena tangi la moto lenyewe liwe limeundwa kustahimili presha hiyo. Kiasi chake huandikwa ubavuni. Usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Sasa tuusome mshale. Utazame alfajiri maji yangali baridi, kisha baada ya kupata moto, kabla mtu hajafungua mfereji. Ukipanda kiasi na kushuka watu wanapooga, hiyo ni afya. Ukiruka juu hata valvu ya usalama ikatoa maji kila moto uwashwapo, lile tangi dogo halifanyi kazi yake, au halipo kabisa. Ukipanda usiku hali moto umezimwa, sababu haimo katika boila. Yatoka kwenye pampu, au kwenye bomba la mji, ambalo presha yake huzidi watu walalapo. Hapo hutakiwa valvu ya kupunguza presha. Nao ukishuka polepole hali mifereji yote imefungwa na pampu imezimwa, maji yanapotea mahali. Tafuta unyevu darini, na utazame mdomo wa valvu ya usalama, maana chembe moja ya mchanga yaweza kuiacha wazi.

Tangi dogo lina kinywa cha kutilia hewa, kama cha gurudumu la baiskeli. Bonyeza sindano yake kidogo. Hewa ikitoka, yamkini mpira ni mzima, nayo hewa imepungua tu. Fundi ataijaza, akiisha kufunga maji na kutoa presha. Maji yakitoka, mpira umepasuka, na hakuna dawa ila kuubadili au kununua tangi jingine.

Wako mafundi ambao, wakiona valvu ya usalama ikidondosha maji na kuharibu rangi ya dari, huiziba kwa kizibo cha chuma. Dari hupona. Lakini thamostati ikiharibika siku moja, moto hautakoma. Maji yatapita digrii 100 pasipo kuchemka, kwa kuwa presha huyazuia. Na tangi likipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, mvuke ambao hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 kuliko maji yaliyouzaa. Ajali ya namna hiyo hubomoa kuta na kuua watu. Denis Papin, Mfaransa, aliibuni valvu ya usalama katika karne ya 17 kwa ajili ya chungu chake cha mvuke, na hadi leo hakuna kizibo kiwezacho kufanya kazi yake.

Pengine shida si kupanda bali unyonge. Fungua mifereji miwili, wa baridi na wa moto. Yote ikiwa minyonge, tazama tangi la juu na boya lake. Ukiwa wa moto peke yake, huenda valvu imefungwa nusu, au mabomba yameziba kwa magadi ya chokaa, kama itukiavyo kwa maji ya visima vya pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe. Katika miji ipatayo maji kwa zamu, mara nyingi ni hewa iliyoingia tangi lilipokauka.

Ukisikia tangi likinguruma, au mfereji ukitema mvuke, zima umeme kwenye swichi kuu, au uondoe kuni, ukaliache lipoe lenyewe. Boila iliyokauka juu ya moto usiitie maji baridi kamwe. Nalo bomba la valvu ya usalama lielekezwe nje, chini, mbali na wanapochezea watoto, maana maji yatokayo humo huunguza.