Jina la Mwimbaji Si Mali ya Mpiga Santuri

Yako maficho ya heshima, na yako maficho ya aibu. Watu wengi huyachanganya. Nia yangu ni kuyatenga.

Katika miaka ya 1970, wapenzi wa muziki wa soul wa Marekani walikesha wakicheza katika kumbi za kaskazini ya Uingereza. Mpiga santuri aliyepata sahani adimu aliifunika nembo yake kwa karatasi, akampa mwimbaji jina la uongo, ili washindani wake wasijue pa kuitafuta. Frank Wilson aliimba wimbo mwaka 1965. Katika ukumbi wa Wigan Casino ukavuma kwa jina la Eddie Foster. Watu walicheza kwa sauti ya mmoja wakamsifu mwingine. Mwaka 2009 nakala moja ya sahani hiyo iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000.

Watetezi husema kuwa mpiga santuri alisafiri, aligharimia, na bila kuficha jasho lake lingeibwa na wachapaji wa magendo. Sikatai jasho. Lakini mchungaji aliyemwona ng'ombe aliyepotea hustahili ujira; hastahili kubadili alama ya mwenye ng'ombe.

Na wamtazame manju wa Kisukuma. Tangu zama za Ngika na Gumha, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma baada ya mavuno, na mshindi ni yule avutaye umati mkubwa zaidi. Manju huificha dawa yake ya kuvuta watu, wala hapana amlaumuye. Lakini jina lake hulitangaza ndani ya wimbo wenyewe. Huficha ufundi, hafichi mtu.

Leo huko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, wimbo huhama kutoka simu hadi simu, na jina huweza kudondoka njiani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, humpa mtunzi haki ya kutambuliwa. Lakini sheria haitembei peke yake.

Wala tusiwacheke Waingereza. Mwanachuo aandikaye "wimbo wa Wasukuma", basi, na hali mtunzi wake yu hai, naye amebandika karatasi juu ya nembo. Na aulize jina kwanza, kisha aandike wimbo.