NYUMBA NA JAMAA: Fimbo ya Pazia Katika Ukuta wa Zamani

Katika nyumba ya askari, pazia zito la dirishani si pambo tu. Aliyerudi alfajiri kutoka lindoni hulihitaji ili apate giza la kulalia mchana, na jamaa yake hulihitaji ili wapitao nje wasitazame ndani. Lakini pazia hilo hutundikwa juu ya mahali ambapo watoto hucheza, nao hupenda kulivuta na kuning'inia. Fimbo ya chuma ikianguka, huangukia kichwa cha mtoto.

Baadhi ya nyumba za askari nchini Uganda zilijengwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Ukuta wa zamani huweza kuwa wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa chokaa au udongo, na juu yake plasta iliyokwisha kuchoka. Rangi mpya huuficha udhaifu huo. Skrubu fupi hushika plasta peke yake, na plasta haibebi mzigo. Tena uzito wa pazia hauvuti chini tu: kwa kuwa fimbo husimama mbali na ukuta, hukivuta kishikio chake kwa nje upande wa juu, mfano wa nyundo ing'oayo msumari.

Basi kwanza ukuta na uchunguzwe. Ugongwe kwa kifundo cha kidole. Mlio wa debe tupu ni dalili kuwa plasta imeachana na tofali. Kisha litobolewe tundu dogo na vumbi litazamwe. Vumbi jekundu ni la tofali, na hapo ni mahali pema. Vumbi laini la udongo au chokaa ni la kiungo kati ya matofali. Fundi na asogee juu au chini kidogo. Kabla ya kutoboa, umeme uzimwe, na pasitobolewe juu ya swichi wala pembeni yake, maana nyaya hupita humo.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kutumia ubao. Uchukuliwe ubao mgumu uliokauka, kama wa mvule, wenye unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 10, unaozidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande. Ulinganishwe kwa pima maji, ufungwe ukutani kwa skrubu 5 au 6, ndipo vishikio vya fimbo vifungwe juu ya ubao. Hivyo mzigo hugawanywa kwa matofali mengi. Fimbo inayozidi mita moja na nusu iongezewe kishikio cha katikati.

Skrubu za ubao ziwe ndefu, kwa maana hazina budi kupita ubao na plasta, kisha ziingie ndani ya tofali kwa sentimita 4 au zaidi. Tundu litobolewe polepole kwa keekee, bila mapigo ya nyundo yanayopasua matofali makuukuu, wala lisiwe karibu na ukingo wa dirisha. Vumbi lipulizwe lote kabla ya kutia kizibo cha plastiki kinacholingana na tundu. Tundu likibomoka, lioshwe, lijazwe saruji na mchanga kwa kipimo cha 1 kwa 3, nacho kigingi cha mti mgumu kipigwe humo. Liachwe juma zima kabla ya kubebeshwa kitu.

Kazi ikiisha, mtu mzima aivute fimbo kwa mkono, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Ikitikisika, pazia lisitundikwe.

Zaidi ya hayo, nyumba ya kambi ni mali ya umma. Ruhusa iombwe kwa ofisa anayesimamia nyumba kabla ya kutoboa, na siku ya uhamisho matundu yazibwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kambi, ukuta huo humwangukia jamaa wa askari mwingine.