SITAZIPAKA MAFUTA NYAVU HIZO

Neno la leo ni refu kidogo na si tamu. Kama uko kazini lisome jioni, lakini lisome lote.

Mmenisema kwenye grupu la WhatsApp la kanisa, nimeona. Ati pasta ameacha injili, siku hizi anahubiri mambo ya NEMA. Kisa ni yule ndugu aliyekuja baada ya ibada na nyavu mpya ndani ya gunia, akitaka nizipake mafuta Bwana azibariki. Nimepaka mafuta nyavu nyingi na boti nyingi tangu nianze utumishi hapa Nyalenda. Siku hiyo nikaomba kuziona kwanza. Kidole changu kidogo hakikupita kwenye jicho la wavu. Ilikuwa kokoro, ile tunayoiita rimba, ya kuburuta hadi ufuoni na kila kilicho mbele yake. Sheria ya Kenya imeikataza. Nikamrudishia gunia lake.

Narudia hapa mbele ya wote: sitazipaka.

Na kwa kuwa mnasema nimeacha Biblia, fungua Mwanzo 1:22. Baraka ya kwanza kabisa katika Maandiko ilitamkwa juu ya nani? Adamu alikuwa hajaumbwa. Ilitamkwa juu ya samaki na ndege, wazaane, maji yajae. Yetu iko mstari wa 28, tulikuja nyuma yao. Sasa wewe unavua kisamaki ambacho hakijataga hata mara moja, halafu unaniletea wavu niombe baraka. Nimwambie Mungu abariki kitu kinachofuta baraka aliyokwisha kutamka?

Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta ndege amelalia makinda, usimchukue mama pamoja na watoto. Mama mwachilie. Sasa ngege mama hubeba mayai na watoto wake mdomoni. Rimba haimuulizi ana nini mdomoni.

Keti na mzee yeyote wa Dunga umuulize kuhusu fulu. Mtoto wa leo hawajui, lakini ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za fulu, na wengi wao hawakuwahi kupatikana popote pengine duniani. Wako waliokula mwani, wako waliokula wadudu, wako waliokula konokono, na mnajua konokono ndio hubeba kichocho. Kila mmoja na kazi aliyopewa na Muumba. Miaka ya 1950 na 1960 mbuta akaletwa ziwani. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, na fulu wakaisha, aina kwa aina, nyingine kabla hata hazijapewa jina. Pesa zilikuja, nisiwe mwongo. Watu walijenga, watoto wakasoma. Lakini minofu ya mbuta ilipanda ndege kwenda Ulaya, wewe na mimi tukabaki tunanunua mgongo wazi. Na leo mama wa soko anafungua katoni ya samaki waliogandishwa kutoka China, hapa Kisumu, kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika! Hiyo haikuumi?

Sasa nisikilize vizuri. Ngege wa asili, yule wa babu zetu, karibu atoweke katika ziwa kubwa. (Huyu tunayemwita ngege leo wengi wao ni aina iliyoletwa pia.) Lakini wa asili bado yuko. Nenda Siaya, Ziwa Kanyaboli, utamkuta, pamoja na fulu ambao huku hatuwaoni tena. Nani alimficha? Mafunjo! Togo! Kinamasi cha Yala kilisimama katikati, mbuta hakufika kule. Mbuta anahitaji hewa nyingi majini, na katikati ya mafunjo hewa ni haba. Samaki wengine wanavumilia, yeye hawezi. Musa alipotafutwa auawe, mama yake alimficha wapi? Kutoka 2:3. Ndani ya kisafina cha majani hayo hayo, katikati ya majani. Mimi nilihubiri andiko hilo miaka mingi bila kuona kwamba liko nyuma ya nyumba yetu.

Na sisi tunafanya nini na mafunjo ya Dunga? Tunayachoma. Mtu anamwaga murram usiku, asubuhi ni ploti, mwezi unaofuata ni nyumba ya kupangisha, mvua ikija analia mafuriko na kuniita nije nimwombee. Kinamasi kile ndicho kinachochuja uchafu wa mji kabla haujafika ziwani. Ndimo samaki wadogo wanamokulia. Kuna ndege wanaoishi ndani ya mafunjo tu. Mafunjo yakiisha hawana pa kuhamia. Kuna nzohe, yule swala wa kinamasi. Kuna akina mama wa kanisa hili wanaosuka mikeka ya togo kulipa karo. Wewe unaona kichaka.

Mto Auji nao. Daipa, mifuko, choo cha ploti kimeelekezwa mtoni. Kumbukumbu la Torati 23:13 iliwaamuru Waisraeli wabebe chombo cha kuchimbia, wafukie uchafu wao. Jangwani! Sisi tuko mjini. Na kabla hujasema ni wapangaji wa ploti jirani: baada ya chakula chetu cha ushirika nilipita darajani nikaona sahani zetu za plastiki, zile za rangi ya samawati nilizonunua mwenyewe, zikielea. Nilisimama pale kwa muda. Sikuwa na wa kumlaumu.

Kuna mkesha tulifanya kukemea pepo wa gugu maji. Niliuongoza mimi, natubu. Gugu liliingia ziwani karibu mwaka 1990, likafunga bandari yetu. Mwaka 1997 Kenya iliachilia fukusi, vidudu vidogo tu, wakalitafuna na likapungua sana. Likarudi, na linarudi, kwa sababu linashiba kinyesi na mbolea tunayoliletea kwa mito. Tunalilisha mchana, tunalikemea usiku.

Mmoja wenu aliandika, “Pasta, dunia hii itapita.” Mwili wako pia utapita, mpendwa, na asubuhi umeoga.

Lakini aliyeandika, “Watoto watakula nini?” huyo namheshimu, na swali lake limeninyima usingizi. Najua ndugu wa gunia hana mshahara. Najua mara nyingi rimba si ya anayeivuta. Kuna tajiri aliyeketi mahali akingoja hesabu. Najua pia mji mzima unamwaga uchafu ziwani, halafu anayekamatwa ni mvuvi maskini. Serikali ya kaunti ina lake la kujibu, na matajiri wa nyavu na wa ploti wana lao. Baadhi yenu matajiri hao mnakaa viti vya mbele. Fungu la kumi lenu sitalitaja, ila mjue nimeanza kuuliza linatoka wapi.

Hivyo Jumapili hii sadaka ya pili ni ya nyavu. Tutamnunulia ndugu yetu nyavu halali, za inchi 5, na watu wa BMU watuonyeshe zipi. Jumamosi saa moja asubuhi tukutane daraja la Auji. Njoo na gambuti, reki na gunia. Maombi tutayafanya hapo hapo, hakuna haja ya kupita kanisani. Vijana wa sifa, acheni vyombo nyumbani, leteni mikono.

Na wewe ndugu wa gunia, najua unasoma hapa. Sina vita na wewe. Nyavu za inchi 5 zikifika, zilete, nitazipaka mafuta mpaka chupa iishe.